Jina Nililoliruka

Njeri,

Hujanisalimia tangu Jumapili ya juzi, kwa hivyo nami sitaanza kwa salamu. Umeenda kwaya kuagana na wenzako na najua utarudi umeshiba maneno yao, utapita hapa mezani kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Kwa hivyo ninaandika. Sanduku lako limefungwa. Sweta, vyeti, dawa ya mbu, hayo umeyapanga mwenyewe bila kuniuliza, na sina la kuongeza. Kesho asubuhi utaenda Chebunyo kufundisha, na utalala nyumbani kwa Nyambura, mama ya Chebet. Hilo ndilo ninaloliandikia.

Uliniita mwizi. Mbele ya mgeni, nikiwa nimeshika birika. Chebet hakuwa amesema neno baya, maskini. Alikuwa rafiki yako wa chuo, amekuja kuona kwenu, akaketi, akatazama dirisha hili kubwa na sakafu ya mbao, akasema polepole, "Sisi tuliishi hapa. Mama alituambia kulikuwa na dirisha linaloonyesha chai yote mpaka juu." Ukanigeukia. Ukauliza. Nikasema hayo ni mambo ya zamani, mnywe chai. Ndipo neno lile likatoka.

Sasa sikiliza sehemu yangu. Si ya kujitetea. Ningetaka kujitetea ningefanya siku ile ile, maana mdomo ninao na unanijua.

Mimi na Nyambura tulikuwa na vibanda vilivyopakana Sotik, sokoni. Mimi viazi na kabichi, yeye uzi, zipu na sweta za shule. Wote wawili tulitoka Nyeri tukiwa wasichana, tukapata maisha huku. Baba yako alishatuacha wakati huo, amehamia kwa mwanamke mwingine Nakuru, na nilikuwa na wewe peke yako. Nyambura aliolewa na Kipkoech, Mkipsigis, dereva wa trekta la kubeba majani chai. Mwanaume mpole, mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Nilimdharau Nyambura kwa ndoa hiyo. Nilikuwa namwambia, "Siku moja watakukumbusha wewe si wao." Alikuwa ananijibu, "Na wewe mume wako Mkikuyu yuko wapi?" Tulikuwa tunacheka, lakini mimi kicheko changu kilikuwa na mwiba.

Halafu uchaguzi ukaja na vita vyake. Haya unayajua, umekua ukiyasikia kila Desemba. Nyumba niliyokodi ikachomwa na viazi vyote ndani. Usichokijua ni kwamba nyumba ya Nyambura ilichomwa usiku huo huo, na waliochoma ni vijana wa rika la Kipkoech, watu aliokata nao majani ya ng'ombe. Walimwambia amfukuze mwanamke, nao wamwachie nyumba. Akakataa. Alifika uwanja wa polisi na jeraha kichwani, amebeba mtoto mchanga, Nyambura amemshika Chebet mkono. Mimi na wewe tulikuwa tumekaa juu ya godoro la mtu. Watu wakamtazama Kipkoech kana kwamba yeye ndiye aliyeleta moto.

Tukapakiwa kwenye malori tukaletwa hapa, juu ya kware, machimbo ya mawe ya barabara. Wachina waliojenga barabara walikuwa wamemaliza kazi wakaondoka, wakaacha kambi yao: nyumba ndefu za kuta nyeupe na mabati ya bluu, bwalo la kulia, tangi la maji, na uwanja wa saruji ambapo walikuwa wanaegesha matingatinga. Serikali ikasema mtakaa hapa miezi mitatu. Wewe umekulia ndani ya hiyo miezi mitatu, umeisomea, umebatizwa ndani ya hilo bwalo, na mpaka leo majirani wakitutaja wanasema "watu wa China." Ulipokuwa darasa la kwanza ulirudi ukilia kwa sababu mwalimu alikuuliza kwenu ni wapi, ukasema China, darasa lote likacheka. Nilikuchapa kwa kulia. Hilo nalo liandike upande wangu.

Mchina mmoja alikuwa amebaki, mtunza stoo, mzee mwenye kofia ya majani. Tulimwita Kamau kwa sababu jina lake lilitushinda. Yeye ndiye aliyegawa vyumba, maana funguo zilikuwa kwake na maofisa walikuwa wanagombana kuhusu magodoro. Alikuwa anatazama familia, anaonyesha mlango kwa kidole. Alipomfikia Nyambura, mtoto mchanga alikuwa anakohoa. Kamau akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, palepale, mbele ya watu, kisha akaenda akafungua chumba cha injinia. Hiki hapa. Dirisha kubwa, sakafu ya mbao, hata ndoano za nguo ukutani. Mimi alinipa stoo ya saruji. Haikuwa na dirisha. Ukifagia leo, kesho kuna vumbi la kijivu tena, linatoka ndani ya ukuta.

Nilimchukia Nyambura kuanzia siku hiyo. Nakuambia kitu kama kilivyo. Sikumchukia kwa sababu ya mume wake, hiyo ilikuwa baadaye, nilipohitaji sababu ya kusema mbele za watu. Nilimchukia kwa ajili ya dirisha.

Maisha ya hapo mwanzoni, wewe unakumbuka ya kucheza. Mimi nakumbuka kelele. Kuta zile zina sponji katikati, unasikia jirani akigeuka kitandani. Tulipigania bomba la tangi mpaka wanawake wakavuana vitambaa vya kichwa. Tulipigania mboga za Wachina zilizokuwa zinajiotea nyuma ya jikoni yao, majani hatukujua hata jina lake, tunayapika kama sukuma wiki. Nje nako hakukuwa na amani. Tukishuka mtoni kuchota maji, vijana wa ng'ambo wanaturushia mawe. Tukienda kuomba kazi ya kuchuma majani kwa wenye mashamba, wanatuambia msimu umejaa, na unaona kwa macho yako majani yamekomaa mpaka yamekuwa magumu. Nasi tukawa na mawe yetu. Mtoto wao alipita hapa akitafuta ndama, tukamfukuza mpaka akaanguka ndani ya kware akavunjika mkono. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofukuza. Alikuwa na umri kama wa miaka kumi.

Mtu mmoja tu alikuwa anatoka na kurudi salama: Kipkoech. Alikuwa anaenda kwa watu wake akinunua mahindi na maziwa, akirudi anagawa. Na kila aliporudi watu walinong'ona, "Ameenda kupeleka habari." Walikula unga wake wakimwita mpelelezi. Mimi pia nilikula.

Halafu ukaugua. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ile ya Kericho isiyojua kuacha. Vumbi la stoo lilikuwa limekuingia kifuani, ukawa unapumua kama mlango mbovu. Jioni ukaacha kunijibu. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa na pikipiki, nikamwendea nikapiga magoti. Akasema barabara imefungwa na vijana, hawezi kuhatarisha maisha yake kwa mtoto mmoja. Kipkoech hakuambiwa na mtu. Alikuja, akakufunga mgongoni kwa shuka la Nyambura, akaniambia, "Mama Njeri, nifuate, usiongee." Tukatembea. Pale walipoziba barabara kwa magogo vijana walitusimamisha, na mmoja akamwambia kwa Kipsigis neno ambalo hata mimi nililielewa. Yeye akawajibu kwa sauti ya chini, muda mrefu, kisha akafungua shuka akawaonyesha uso wako. Wakaondoa gogo moja.

Ulilazwa hospitalini siku nne. Muuguzi akaniuliza mtoto analala wapi. Nikamwambia. Akasema, "Ukimrudisha hapo utamzika."

Tuliporudi Nyambura alikuwa amengoja mlangoni. Kabla sijamwomba, akasema, "Leta mtoto alale na Chebet. Hapa kuna hewa. Wewe pia njoo, tutabanana." Nakumbuka alikuwa amefunga leso ya kijani na mikono yake ilikuwa na unga. Ukalala hapa, Njeri, kwenye kona ile unayoweka vitabu, wiki saba, kitanda kimoja na Chebet. Ndiyo maana ulipokutana naye chuoni ukaniambia, "Mama, nimepata rafiki, ni kama tulikuwa tunajuana." Nilipokusikia ukisema hivyo nilizima jiko na chakula hakijaiva.

Mimi sikuja kubanana. Nilibaki stoo. Nilisema siwezi kulala chumba kimoja na mwanaume wa watu, lakini ukweli ni kwamba sikutaka nusu. Nilitaka kusimama kwenye dirisha hili asubuhi, peke yangu, likiwa langu.

Ndipo maofisa wakaja kuandikisha. Walisema wale watakaosomwa kwenye orodha ndio watakaopewa kambi hii rasmi, kila familia nyumba iliyomo na kipande cha shamba nyuma. Mimi nilikuwa katibu wa kamati kwa sababu ya mwandiko. Daftari lilikuwa langu, majina nimeyaandika mwenyewe. La Nyambura lilikuwa la saba. Mwenyekiti alinivuta kando, akasema, "Yule mwanaume asiingie." Sasa sikia vizuri hapa, maana kwa miaka mingi nilijiambia mwenyekiti ndiye aliyeniamuru. Hakuniamuru. Alisema yule mwanaume. Hakusema mwanamke, hakusema watoto. Jina lililokuwa limeandikwa lilikuwa la Nyambura, na ningelisoma, hakuna ambaye angeniziba mdomo.

Nikasimama bwaloni. Nikasoma la sita. Nikasoma la nane. Sauti yangu haikutetemeka.

Nilipomaliza ofisa akauliza, "Kuna mtu ameachwa?" Nyambura akainua mkono, na alikuwa anatabasamu, unajua, kama mtu anayedhani rafiki yake amesahau. Akasema, "Mimi, afande. Katibu ameniruka." Ofisa akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nikasema, "Huyo ameolewa huku. Ana kwao."

Bwalo likalipuka. Mmoja akapiga makofi. Wengine wakapaza sauti, "Aende kwao! Aende na mpelelezi wake!" Walikuwa wanangoja tu mtu wa kwanza, na mtu wa kwanza nilikuwa mimi. Ofisa hakuandika kitu. Alikuwa na vijiji vingine vya kumaliza siku hiyo.

Nyambura hakulia wala hakunitukana. Alisogea mpaka karibu, akasema kwa Kikuyu, polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Wairimu, mtoto wako amelala kitandani mwangu sasa hivi." Kipkoech akamshika mkono, akasema, "Twende." Waliondoka asubuhi iliyofuata na mvua, wale wawili, Chebet na mtoto mchanga. Walikuacha wewe kitandani na blanketi ulilojifunika. Hawakulichukua blanketi. Mchana nilikuwa nimehamisha vitu vyangu.

Hiyo Chebet amekuambia, au sehemu yake. Kuna nyingine hajui, na wewe hujui, na nimejaribu mara tatu kuikata kwenye barua hii.

Nyambura alirudi. Ulikuwa darasa la nne, ulikuwa shuleni. Kipkoech alikuwa amekufa, trekta lilimwangukia kwenye mteremko. Nyambura alitaka karatasi moja tu. Kulikuwa na msaada wa masomo kwa watoto wa waliochomewa, na chifu wa kule Chebunyo alimtaka aonyeshe kwamba alikuwa kwenye kambi. Alisimama pale mlangoni, amekonda, akaona kitanda changu kilipokuwa kitanda chake. Hakukitaja. Akasema, "Mama Njeri, jina langu liko kwenye daftari lako. Niandikie tu kwamba nilikuwa hapa."

Nikamwambia daftari lililiwa na panya.

Lilikuwa chini ya godoro nililokuwa nimekalia.

Kwa nini? Nimejiuliza. Kama ningeandika kwamba alikuwa hapa, ingekuwa nimekiri aliondolewa, na mtu angeuliza sasa nyumba yake iko wapi. Nilikuogopea wewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa pia nimeshamchukia kwa miaka, na chuki ikishakaa ndani ya mtu inataka kulishwa kama nguruwe. Mtu uliyemdhulumu huwezi kumpenda, Njeri. Unamtafutia makosa kila siku ili usingizi uje. Nilimtafutia kila kitu. Nilisema alijivuna. Nilisema Kamau alimpa chumba kwa sababu zake. Mzee yule, aliyelala chini ya meza ya stoo akaondoka na mfuko mmoja! Nilisema hata hivyo, na wanawake wa bombani wakaniitikia.

Na wewe nikakulea ndani ya hayo. Nilikuambia majirani wote ni wachomaji, usile kwao, usijibu salamu. Unakumbuka siku uliyorudi na mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, umepewa na yule mama wa ng'ambo kwa kumsaidia kufukuza ng'ombe kwenye shamba la chai? Niliyamwaga, nikavunja kibuyu, nikakupiga mpaka fimbo ikakatika. Ulikuwa na miaka minane. Uliniuliza, "Yeye pia alituchomea?" Sikukujibu, kwa sababu sikujua. Mpaka leo sijui. Waliotuchomea walikuwa na nyuso na majina, na wachache nawajua, na sijawasamehe, na usije ukaniletea mchungaji wa kuniambia niwasamehe. Lakini yule mama sikumjua hata jina.

Sasa hasira yako. Una haki nayo, siitaki irudi kwangu ikiwa imepakwa asali. Ila nakuona unavyoitumia. Umeanza kusema "watu wa China" kwa sauti ile ile ya majirani. Juzi ulimwambia shangazi wa nyumba ya tatu kwamba sisi sote hapa ni wezi. Yeye hakuruka jina la mtu. Yeye alizika mume hapo nyuma ya kware. Usifanye nilivyofanya mimi, kumchukua mtu mmoja aliyekuumiza ukamfanya kijiji kizima. Mimi ndiye. Nichukie mimi, jina langu unalijua.

Na kitu kimoja kuhusu kalamu, kwa kuwa sasa wewe ni mwalimu na utakuwa na orodha zako. Nilidhani watu wabaya ni wale wa mapanga. Mimi sikugusa mtu. Nilihamisha macho kutoka mstari wa sita hadi wa nane, basi.

Nimalize.

Alhamisi nilikuambia, au niliuambia mlango wako, kwamba naenda Sotik kliniki. Nilienda Chebunyo. Niliuliza njia mara nne kwa watu ambao nimekukataza kuwasalimia, na wote walinionyesha. Nyambura ana duka la kushona sare, cherehani mbili, na nyuma ni nyumba ya mabati, safi, na mbuzi watatu. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Aliponiona hakusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umefuata nini, Wairimu?"

Nikamwambia nimekuja kusema. Nikasema yote, na la daftari pia. Kulikuwa na mwanamke mteja amekaa na sketi ya mtoto, nikasema mbele yake. Nyambura hakunikaribisha kiti. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja: "Panya hawakulila?"

"Hawakulila."

"Chebet alikaa nyumbani miaka miwili kwa ajili ya karatasi hiyo," akasema. "Alichunga mbuzi. Ndiyo maana yeye na mtoto wako wamesoma darasa moja ilhali yeye ndiye mkubwa."

Nikasema sikujua. Akasema, "Hukuuliza."

Nikamwuliza, "Sasa Njeri je?" Nilitaka kujua kama angelipiza kisasi kwako. Afadhali nikuambie, hilo ndilo lililonipeleka, si toba. Niliogopa atakufanyia nilichomfanyia.

Akanitazama kama vile nimemtemea mate. Akasema, "Mtoto huyo nilimlaza kwangu akiwa mgonjwa, Kipkoech akambeba mgongoni. Nitamlaza tena. Kitanda kipo, chakula kipo, na sitamwambia neno juu yako ambalo hujamwambia wewe mwenyewe. Yeye ni mgeni wa Chebet. Lakini wewe usikanyage hapa. Leo ni mara ya kwanza na ya mwisho. Akiugua, akiolewa, akizaa, hutaingia kwa mlango huu. Ukitaka kumwona mwanao, mtakutana sokoni kama watu wengine."

Nikasema, "Sawa, Mama Chebet."

Akaanza kushona tena. Nilisimama kidogo nikidhani kuna lingine. Halikuwepo. Yule mwanamke mwenye sketi akasogeza miguu nipite.

Kwa hivyo nenda. Atakupokea, na hutalipishwa deni langu. Huyo si mtu wa namna hiyo, sijui kama amewahi kuwa. Umwite Mama. Ukiosha vyombo vyake usivioshe kama unanilipia.

Sijui soko la Chebunyo ni siku gani, na sikuthubutu kumwuliza. Ukikaa ukatulia, mwezi huu au mwaka ujao, nitumie siku hiyo peke yake, bila salamu ukitaka. Nitakuja, nitasimama upande wa barabara.

Mama yako,
Wairimu